Vidonge Viwili vya Kufuturia

Kila Jumamosi asubuhi, kwa miaka kadhaa sasa, ukumbi wa kanisa letu kule Mchafukoge hugeuka zahanati. Tunasogeza mabenchi ukutani, tunafunga khanga mbili kwenye kona ziwe pazia ili daktari apate pa kumpima mtu bila kutazamwa, na dirisha la jikoni, lile la kugawia pilau siku za harusi, linakuwa dirisha la dawa. Hatutozi kitu. Wanaokuja ni wale wasio na bima wala mtu wa kuwadhamini: wabeba mizigo wa Kariakoo, akina mama wanaochambua mitumba Mchikichini, na wengi zaidi ni wazee wanaolala kwenye mabaraza ya maduka, ambao hawapendi kuzungumzia kwao walikotoka. Hatuulizi dini ya mtu. Daktari ni muumini mwenzetu anayejitolea, muuguzi vilevile, na sisi akina mama tunapika uji, tunafagia na kupanga foleni.

Kazi yangu mimi ni madaftari. Nilijipa mwenyewe na hakuna aliyethubutu kuninyang'anya. Nina duka la jumla la nyuzi, zipu na vifungo, na fundi akiniomba uzi wa kijani kibichi naunyooshea mkono bila kutazama rafu. Kwa hiyo nilipoona madaftari ya wagonjwa yamerundikwa ndani ya ndoo kama maganda ya viazi, roho iliniuma. Huku kwetu mgonjwa huenda kwa daktari na daftari la shule, na daktari anaandika humo. Lakini mtu anayelala nje daftari ataliweka wapi? Likinyeshewa mara moja limekwisha. Tukakubaliana kwamba tutawatunzia sisi.

Shida ilikuwa majina. Watu wa mtaani hawatoi majina ovyo. Wanaogopa mgambo wa jiji, wanaogopa kurudishwa makwao, na wengine wana mambo ya nyuma ambayo wewe na mimi hayatuhusu. Mzee mmoja alinipa majina matatu ndani ya mwezi mmoja, yote kwa uso mkavu. Ndipo nilipopata wazo ambalo nililionea fahari kuliko hata duka langu: niliacha kuuliza majina, nikawa nauliza mahali pa kulala. Kariakoo mtu akishapata baraza, analishika kama mwenye hati. Mlinzi wa duka anamjua, wenzake wanamjua, na hakuna mwingine wa kutandika boksi pale. Nikaandika juu ya kila daftari kwa kalamu nene: Baraza la Duka la Vitambaa. Ngazi za Benki. Kibanda cha Kuku. Choo cha Stendi. Nikayapanga kwa mitaa ndani ya maboksi ya nyuzi. Mtu akifika mezani namuuliza, "Unalala wapi?" na kabla hajafunga mdomo daftari liko mkononi mwangu. Mchungaji alinisifu mbele ya kanisa zima. Nikainamisha kichwa kama mnyenyekevu, lakini moyoni nilikuwa nimevimba.

Jumamosi ninayotaka kuisimulia ilikuwa katikati ya Ramadhani. Sufuria la uji lilibaki limejaa kwa sababu zaidi ya nusu ya foleni walikuwa wamefunga. Joto lilikuwa kali, feni moja ilikuwa imekufa, na karatasi za kupimia sukari ziliisha kabla ya saa nne. Muuguzi akasema wenye dawa za kuendelea, wa presha, wa sukari, wa kifafa, wasipite kwa daktari leo, waende moja kwa moja dirishani na madaftari yao, na yeye atawapa kilichoandikwa. Ilikuwa ndiyo njia pekee ya kuimaliza foleni ile. Nikafurahi kwa kweli, kwa sababu sasa kila kitu kilikuwa juu ya meza yangu.

Basi akafika mzee mmoja mwembamba, amevaa kofia ya kufuma na, kama nilivyokuja kuona baadaye, shati la mikono mirefu lililofungwa vifungo mpaka shingoni. Hata sikumwamkia, ingawa alikuwa sawa na baba yangu mdogo kwa umri. Watu zaidi ya sabini walikuwa wamepita mbele yangu na nilikuwa natazama maboksi, si sura.

"Unalala wapi?"

"Baraza la duka la vitambaa," akasema.

Nikachomoa daftari nikalisukumia dirishani. Muuguzi akalifungua, akasoma, akahesabu vidonge akavitia kwenye kibahasha.

"Mzee umefunga?" akamuuliza.

Mzee akaitikia kwa kichwa.

"Basi leo ni viwili, wakati wa kufuturu," akasema muuguzi, na kwa kuwa ukumbi ulikuwa na kelele, mimi nikarudia kwa sauti ile ninayoitumia kuwaitia wapagazi dukani: "Viwili! Ukifuturu! Umesikia? Haya, anayefuata!"

Mzee akaondoka. Nisingemkumbuka hata kidogo kama siku ile ingeishia hapo.

Saa nane tulikuwa tunakunja. Daktari alishaenda kwenye zamu yake, wenzangu wanaosha masufuria, mimi nafunga maboksi kwa kamba. Akaja mbio bwana mmoja wa makamo, mtu wa kusini kwa lafudhi yake, jasho linamtiririka. Akaomba radhi kwamba alipata kibarua cha kushusha mizigo, ndiyo maana amechelewa. Nikamgombeza kidogo, maana ndivyo nilivyo, kisha nikafungua boksi.

"Haya, unalala wapi?"

"Nimehama, mama. Sasa hivi nalala pale choo cha stendi."

Nikatoa la Choo cha Stendi nikampa muuguzi. Akalisoma na kuanza kutafuta dawa. "Presha, kimoja asubuhi," akasema.

"Hapana, dada," yule bwana akasema. "Mi ni wa sukari. Mi ndo nilikuwa pale baraza la vitambaa. Tumebadilishana na yule mzee wa kofia."

Muuguzi akageuka akanitazama. Mimi nikamtazama yule bwana.

"Mmebadilishana nini?"

"Mabaraza, mama. Hii sukari inaniamsha mara tano usiku kwenda haja ndogo, na mlinzi wa pale kanichoka. Mzee akanionea huruma. Akasema njoo wewe huku karibu na choo, mi nitaenda kwako. Juzi tu."

Nikakaa. Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Mzee alinijibu ukweli mtupu. Nilimuuliza anapolala, akanitajia anapolala. Nikampa daftari la mtu mwingine, na dawa za mtu mwingine, na juu ya daftari lile ulikuwepo mwandiko wangu mzuri.

"Atakufa?" nikauliza.

Muuguzi ni binti mdogo, angeweza kuwa mwanangu wa mwisho, na ndiye peke yake kati yetu ambaye hakupoteza kichwa. Alizungumza polepole ili nielewe. Mzee hana sukari. Tangu alfajiri hajala. Akimeza vile viwili, vitamshushia sukari iliyomo mwilini, ile kidogo anayoihitaji ili aishi. Tende na uji wa futari vitamshikilia kwa muda, lakini dawa ile haiishi haraka, inaendelea kufanya kazi usiku kucha. "Akilala nayo, mama, anaweza asiamke. Na atakayemwona atadhani amelala tu."

Nikatazama saa ya ukutani. Magharibi ingeingia kama saa kumi na mbili na nusu. Mpaka hapo mzee alikuwa salama, kwa sababu amefunga na hawezi kutia kitu mdomoni. Nilikuwa na saa nne na kidogo za kumpata mtu nisiyeikumbuka sura yake.

Tuligawana. Muuguzi akasema atampigia daktari, atamtuma mtu akamwandae daktari wa zamu kwenye hospitali ya karibu, halafu azunguke upande wa Ilala. Akanitilia kwenye mkoba pakiti ya glukosi. Mimi na yule bwana wa sukari, baada ya kupewa dawa zake na bakuli la uji ambalo nilimsimamia alimalize huku roho ikinipaa, tukashika njia ya Kariakoo.

Nimefanya biashara Kariakoo zaidi ya nusu ya umri wangu na sikuwahi kuiogopa. Siku ile niliiogopa. Watu walikuwa wananunua nguo za sikukuu, Mtaa wa Kongo haupitiki, kila mchuuzi anapaza sauti, kila hatua mbili kuna bega la mtu. Na kila mahali kulikuwa na wazee wembamba wenye kofia. Sikujua mji huu una wazee wengi kiasi hicho. Mmoja kainama kwenye rundo la maboksi, mwingine kasinzia kwenye mkokoteni, mwingine anafumua nyuzi za gunia. Kila nilipomwona mmoja namshika mkono yule bwana, "Ni yeye?" naye anasema, "Siye, mama." Kuna mzee tulimkuta amelala chali kando ya ghala, mdomo wazi, nikajua nimeshaua mtu. Nikampigia kelele. Akaamka akanitukana vizuri sana, na nikamshukuru Mungu kwa matusi yale.

Tulianzia kwenye lile duka la vitambaa. Mlinzi alikuwa kijana mrefu mwenye rungu na redio ndogo. Akasema mzee huwa haonekani pale mchana, anakuja maduka yakishafungwa, kama saa mbili hivi. Saa mbili ilikuwa mbali mno. Nikamwandikia namba yangu ya simu kwenye kipande cha boksi. "Akitokea tu, nipigie. Hata kama huna salio, nibipu." Nadhani uso wangu ulimtisha, maana alizima redio.

Kutoka pale tulikwenda Mchikichini, kwa mnunuzi wa makaratasi, kwa sababu yule bwana alisema mzee huokota maboksi. Mzee alikuwa ameshapimiwa mzigo wake adhuhuri na kuondoka. Tukarudi Msimbazi. Tukapita kwa muuza kahawa ambaye huwa anamwachia mzee akae kivulini kwake. Hakumwona. Muuguzi akapiga simu kutoka Ilala: hakuna kitu. Saa kumi ikapita, saa kumi na moja ikapita.

Sitaficha jambo moja, kwa sababu nimechoka kulibeba. Nilikuwa namwogopea mzee, ndiyo, lakini nilijiogopea na mimi. Nilikuwa natembea huku naona polisi wanakuja ukumbini. Naona zahanati imefungwa, mchungaji anaulizwa, daktari ananyang'anywa kazi. Naona majirani wa dukani wananong'ona, yule mama wa nyuzi aliua mtu. Mara nyingine hofu hiyo ya pili ilikuwa kubwa kuliko ya kwanza, na nilipoigundua nilitamani ardhi inimeze. Nilijaribu kusali na kila nilipoanza nilipata neno lilelile moja: asimeze, asimeze.

Nikamuuliza yule bwana, "Huwa anafuturu wapi?"

"Mwezi huu hana mahali pamoja, mama. Futari inagawiwa kila kona. Anafuata inapotoka."

Ilikuwa imebaki kama nusu saa tulipofika kwenye msikiti mmoja wa mitaa ile. Nje walikuwa wameshatandika majamvi marefu, sahani za tende na vikombe vya uji vimepangwa, na wanaume wamekaa pande mbili wakisubiri. Mimi na nguo zangu za Jumamosi za kanisani, msalaba shingoni, nikasimama langoni sijui nimwite nani. Mzee mmoja mwenye kanzu, ambaye nadhani ndiye mtunzaji wa pale, akanijia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Karibu, mama. Una shida gani?"

Nikamwaga yote pale pale, sikumficha kitu. Akasikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Nilipomaliza akasema, "Tutamtangazia kwenye kipaza sauti sasa hivi. Anaitwa nani?"

Jina lake sikuwahi kuliuliza.

Nikamgeukia yule bwana wa sukari. "Sisi tunamwita Mzee tu," akasema kwa unyonge.

"Yukoje, basi?"

"Mwembamba. Ana kofia. Mtu mzima," nikajibu.

Yule baba wa kanzu akageuza uso taratibu, akatazama majamvi yale marefu. Nikatazama na mimi. Aibu niliyoipata pale sijawahi kuipata hata siku nilipofumaniwa na mama yangu nikiwa na umri wa miaka kumi natafuna sukari stoo.

Akatangaza alivyoweza. Sauti yake ikatoka juu ya mtaa mzima: mzee aliyechukua dawa leo asubuhi kwa akina mama wa kanisa, anayelala baraza la duka la vitambaa, asimeze dawa hiyo, ajitokeze. Akarudia mara mbili. Nikaona watu wanageukiana. Kisha mzee mmoja akasimama na kibahasha mkononi. Halafu wa pili. Halafu wanne, watano. Nikakimbilia kwao, yule bwana akawatazama mmojammoja na kutikisa kichwa. Hakuwepo. Hawa walikuwa wagonjwa wetu wengine, waliopewa dawa zao halali, na mimi nilikuwa nimewatia hofu. "Na hii yangu ni mbaya, mama?" mmoja akaniuliza. "Nisimeze?" Alikuwa na kifafa. Kama asingemeza usiku ule angeweza kuanguka barabarani. Ikanibidi nisimame pale namsomea kila mmoja kibahasha chake, namwapia kwamba chake ni sawa, huku wananitazama kwa macho ambayo hayaniamini tena, na dakika zinakwenda.

Nilikuwa bado nimeshika kibahasha cha mtu wa tano adhana ilipoanza.

Iliadhiniwa pale, ikaadhiniwa mtaa wa pili, ikapokewa na misikiti mingine kule mbele mpaka anga lote likajaa. Mikono yote jamvini ikashuka kwenye tende. Mahali fulani mjini mzee wangu naye alikuwa anaweka tende mdomoni. Yule baba wa kanzu akatoa tende tatu akampa yule bwana, akanipa na mimi. "Kula, mama, una safari," akasema. Niliitafuna ile tende na sikusikia ladha yoyote.

Baada ya hapo tulizunguka ovyo. Nilikuwa siwezi tena kufikiri. Tuliingia kwenye futari ya wauza mchele, ya mafundi viatu, ya mama mmoja anayegawa mihogo kwenye ngazi za jengo lake. Kila mahali walitukaribisha tule na kila mahali nilishindwa hata kuitikia vizuri. Giza lilikuwa limeingia. Ilipata kama saa moja na robo simu ikalia, namba nisiyoijua.

"Mama, ni mimi mlinzi wa hapa dukani. Mzee wako kaja. Leo kaja mapema. Anasema anasikia usingizi, anatandika boksi lake alale."

"Usimwache alale!" Nilipiga kelele mpaka watu wakasimama. "Mkalishe! Mpe soda, mpe chai, mpe kitu chochote chenye sukari! Mpige makofi ukiweza!"

Mimi ni mwanamke mnene na nina magoti mabovu. Nilikimbia. Yule bwana alitangulia akinipasulia njia. Tulipofika, mlinzi alikuwa amemkalisha mzee ameegemea mlango wa chuma wa duka, anamshika bega kwa mkono mmoja na chupa ya soda kwa mkono mwingine. Soda nyingi ilikuwa imemwagika kwenye lile shati la vifungo mpaka shingoni. Nikapiga magoti mbele yake. Ngozi yake ilikuwa ya baridi na imelowa kama mtu aliyetolewa majini.

"Baba, umemeza?"

"Nimemeza," akasema, kwa shida, ulimi mzito. "Viwili. Kama ulivyosema."

Kisha akaniita kwa jina la mtu mwingine, la mwanamke, akaniomba nimfungulie mlango.

Tulimpakia kwenye bajaji, mimi upande huu, yule bwana upande ule. Nilipasua pakiti ya glukosi kwa meno. Kwenye simu muuguzi ananielekeza: usimmiminie kooni atapaliwa, paka ndani ya shavu, kidogo kidogo, mzungumzishe. Nikawa nampaka kwa kidole, kama ninavyowapaka asali watoto wenye kikohozi, huku bajaji inayumba na dereva anapiga honi. Nikamzungumzisha. Sikuwa na cha kumwambia, kwa hiyo nilimwelezea aina za nyuzi. Nilimtajia rangi zote za rafu ya juu, kisha za rafu ya pili. Kuna mahali aliacha kuitikia. Kichwa chake kikaangukia begani kwangu na uzito wake wote ukaja juu yangu, na alikuwa mwepesi kweli. Nikasikia mtu analia kwa sauti, nikadhani ni yule bwana. Nilikuwa mimi.

Mapokezi dada wa dirishani aliuliza swali lilelile. "Jina la mgonjwa?" Bahati nzuri muuguzi wetu alikuwa ameshafika na daktari wa zamu anamjua, wakampitisha bila jina. Wakamtundikia dripu. Daktari wa zamu akatuambia tusubiri, kwamba sukari yake ikipanda itashuka tena, ikishuka wataipandisha tena, na hivyo mpaka dawa iishe mwilini. Tukakaa kwenye benchi. Yule bwana wa sukari hakukubali kwenda kulala. Alisema kama asingekojoa sana, haya yote yasingetokea, na hakuna mtu kati yetu aliyeweza kucheka.

Asubuhi ya Jumapili sikwenda ibadani. Nilipika uji mwepesi nikaupeleka hospitali kwenye chupa ya chai. Mzee alikuwa ameketi, mto nyuma ya mgongo, kofia yake ameiweka juu ya kabati dogo. Ilikuwa mara ya kwanza kuutazama uso wake. Alikuwa na kovu dogo juu ya nyusi na macho ya mtu mwenye adabu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama."

Nikakaa pembeni mwa kitanda nikamweleza kila kitu. Nikamwambia si kosa lake, si kosa la muuguzi, si kosa la mwenzake. Ni la kwangu peke yangu, kwa sababu ya madaftari yangu. Nikamwomba msamaha. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono yake imetulia juu ya shuka.

"Nilijua si zangu," akasema.

Nilidhani bado amechanganyikiwa. "Ulijua nini?"

"Vile vidonge. Changu mimi ni kimoja, tena kidogo, cha asubuhi. Vile vilikuwa viwili na rangi nyingine. Niliviona palepale dirishani."

"Sasa kama ulijua, kwa nini hukusema?" Sauti yangu ilipanda yenyewe, ile ya dukani. Mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka. "Kwa nini hukuniuliza, baba?"

Mzee akashusha macho. Akavutavuta ncha ya shuka kama mtoto aliyeitwa mbele ya mwalimu. Alipojibu ilinibidi nisogee ndiyo nisikie.

"Nilikuogopa," akasema. "Nikasema nikiuliza utaniona mkorofi, na Jumamosi nyingine hutanipa. Nilifuturu, mama, nikavishika mkononi kwa muda. Halafu nikavimeza."

Nikafungua chupa nimmiminie uji. Nusu yake ikamwagikia shuka.